Mteja Akague Geti Kabla ya Rangi

Geti jipya likitoka karakana huwa limeshapakwa rangi nyekundu ya msingi, na mteja huona kazi imekamilika. Akipitisha kiganja kwenye maungio atakutana na vipele vigumu vilivyotapakaa pande zote mbili za mshono, vingine vidogo kama mbegu za mchicha, vingine vikubwa vya kukwaruza ngozi. Hayo ni matone ya chuma kilichoyeyuka. Yaliruka wakati wa kuchomelea, yakatua kwenye chuma kilichokuwa baridi, yakagandia hapo. Wateja wengi wameyazoea. Mafundi wengi wameyazoea zaidi, hata wakayahesabu kuwa sehemu ya kazi.

Si sehemu ya kazi. Ni dalili kwamba kuna jambo halikuwa sawa: umeme ulizidi, kijiti kilikuwa na unyevu, chuma kilikuwa na kutu au rangi, au mkono uliacha mwanya mkubwa mno. Ni kweli kuchomelea kwa vijiti hakukosi matone kabisa, na hakuna fundi anayedai vingine. Lakini matone machache yanayong'oka kwa brashi ya waya ni jambo moja, na mvua ya matone inayohitaji nusu siku ya grenda ni jambo lingine. Gharama ya hilo la pili hulipwa na mtu: mara nyingi fundi mwenyewe, kwa diski, umeme, macho na mapafu yake, na miaka miwili baadaye mteja, kutu inapoanza.

Ndani ya mwali wa umeme unaoruka kati ya ncha ya kijiti na chuma, joto hufika nyuzi 6,000 za Selsiasi na kuzidi, wakati chuma cha kawaida huyeyuka karibu na nyuzi 1,500. Ncha ya kijiti huyeyuka tone baada ya tone, na kila tone huvuka hadi kwenye kidimbwi cha moto ambacho kikipoa ndicho huwa mshono. Fundi akishika kijiti karibu, tone huvuka salama. Kipimo kinachofundishwa vyuoni ni mwanya usiozidi unene wa waya wa kijiti chenyewe, kwa hiyo kijiti cha milimita 2.5 kinataka mwanya wa milimita mbili na nusu hivi. Mkono ukipanda, mwali hurefuka, tone huyumba, na gesi zilizonaswa ndani yake hupasuka kabla halijafika. Kinachorushwa kando ndicho kinachokwaruza kiganja cha mteja.

Mkono hufunzika. Umeme una ubishi zaidi. Kijiti kinachotumika kuliko vyote kwenye mageti na madirisha ya mitaani kina alama E6013. Cha milimita 2.5 kwa kawaida hutaka kati ya ampea 60 na 90, cha milimita 3.2 kati ya 90 na 130, na watengenezaji huchapisha viwango hivyo kwenye pakiti. Pamoja na hayo, mashine nyingi zinazofanya kazi Gerezani jijini Dar es Salaam, Kamukunji jijini Nairobi au Katwe jijini Kampala ni transfoma zilizosukwa na mafundi wenyewe, zenye bolti kadhaa za kuchagulia nguvu na bila kipimo chochote. Fundi huchagua kwa sikio na jicho. Mwenye sikio zuri hupatia, maana mwali uliotulia hutoa mvumo mmoja usiokatika, na uliozidi hupasuka ovyo. Lakini umeme wa laini hushuka watu wengi wanapouhitaji, fundi huhamisha bolti kwenda juu ili kazi iende, kisha laini ikirudi nguvu zake anajikuta anachoma bomba jembamba kwa ampea zilizokusudiwa chuma kinene. Waya mrefu na mwembamba unaovuta umeme kutoka nyumba ya jirani huongeza balaa hilohilo.

Mashine ndogo za inveta zilizojaa madukani zimepunguza shida kwa kiasi fulani. Zina kitufe cha kuzungusha na namba za kusoma, na mwali wake hutulia mapema. Ila nyingi za bei nafuu zimeandikwa ubavuni ampea 300 au zaidi ambazo haziwezi kuzitoa, na kwa hiyo hata namba za kwenye skrini zinafaa kutazamwa kwa tahadhari. Dawa ni ya kale na haina gharama: kabla ya kugusa kazi ya mteja, fundi achomelee kipande cha chakavu chenye unene uleule, akione kinavyorusha, apunguze au aongeze. Dakika moja ya chakavu huokoa saa nzima ya grenda. Inasikitisha kuona ni karakana chache mno zinazofanya hivyo.

Unyevu ni adui mwingine, na kwa wakazi wa Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Unguja ni adui wa kila siku. Unga mgumu uliovikwa kijiti hufyonza maji kutoka hewani. Maji hayo yakiingia kwenye mwali hugeuka mvuke ghafla na kutawanya chuma cha moto pande zote. Kwa E6013 hasara ni matone na vitundu ndani ya mshono. Kwa kijiti cha E7018, ambacho hutumika kwenye kazi nzito za madaraja na majengo, hasara ni kubwa zaidi: maji huzaa haidrojeni, na haidrojeni huweza kupasua mshono saa kadhaa baada ya kupoa, fundi akiwa ameshakwenda nyumbani. Ndiyo maana kanuni ya Marekani ya kuchomelea vyuma vya majengo, AWS D1.1, hairuhusu E7018 ya kawaida kukaa nje ya oveni zaidi ya saa 4.

Hapa lawama haimwangukii fundi peke yake. Baadhi ya maduka ya vifaa vya ujenzi hufungua pakiti na kuuza vijiti kwa kuhesabu, huku vilivyobaki vikikaa wazi kaunta msimu mzima wa masika. Fundi aliyenunua vijiti sita asubuhi hana njia ya kujua vilikaa hapo siku ngapi. Mwenye duka anayetaka kuheshimiwa aviweke vilivyofunguliwa kwenye chombo chenye mfuniko unaobana. Fundi naye avihifadhi hivyo hivyo, asiviache juu ya sakafu ya saruji usiku kucha.

Halafu kuna uchafu. Chuma kipya kutoka dukani huja na mafuta ya kiwandani, kilicholala uani huja na kutu, na kilichonunuliwa kwa wauza vyuma chakavu huja na rangi ya mmiliki wa kwanza. Vyote hivyo vikiungua hutoa gesi, na gesi ikitoka kwa nguvu kwenye kidimbwi hutoka na chuma. Kusugua sentimita mbili au tatu kila upande wa maungio kabla ya kuwasha mashine ni kazi ndogo kuliko kung'oa vipele baadaye. Fundi atakayetumia brashi mwanzo hatatumia diski mwisho.

Bomba lililopakwa zinki linastahili kutajwa peke yake, kwa sababu hapo matone hufuatana na sumu. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 419 na kuchemka kwenye nyuzi 907, kwa hiyo inakuwa mvuke kabla chuma kilicho chini yake hakijaanza kuyeyuka. Mvuke huo hulipuka ndani ya mshono na kurusha matone vibaya sana, na moshi wake mweupe humletea fundi homa, baridi na maumivu ya viungo jioni yake au usiku. Katika karakana nyingi za Afrika Mashariki fundi hupewa maziwa anywe, kwa imani kwamba yanasafisha kifua. Maziwa ni chakula kizuri, lakini huenda tumboni, na moshi huenda kwenye mapafu. Kinga ya kweli ni kuondoa zinki sehemu ya mshono kwanza, kufanyia kazi mahali penye upepo, kukaa upande ambao moshi hauelekei usoni, na kuvaa barakoa iliyotengenezwa kwa moshi wa vyuma. Mwaka 2017 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliuweka moshi wa kuchomelea katika kundi la kwanza, yaani la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Habari hiyo ilipaswa kubandikwa kwenye ukuta wa kila karakana.

Wanaotumia mashine za waya na gesi wana hesabu yao. Gesi ya kaboni dayoksaidi tupu ni rahisi na inapatikana, maana ndiyo inayotiwa kwenye soda, lakini hurusha matone makubwa. Ikichanganywa na agoni, kwa mfano asilimia 80 ya agoni na 20 ya kaboni dayoksaidi, mwali hutulia na matone hupungua sana. Na aliyenunua mashine ndogo ya waya wenye unga ndani, usiohitaji gesi, aangalie kwanza nyaya zake: waya wa aina hiyo kwa kawaida hutaka upande wa hasi kwenye bunduki, kinyume cha waya wa gesi. Akisahau kubadilisha atalaumu mashine bure.

Zipo pia dawa za kupulizia zinazozuia matone yasigande. Zinasaidia, ila kuna haja ya kusoma kopo. Baadhi zina kiyeyushi chenye klorini, na mvuke wa viyeyushi vya namna hiyo ukikutana na mwali wa kuchomelea huweza kugeuka fosjini, gesi iliyotumika kama silaha katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Katika karakana ya mabati isiyo na dirisha, hilo si jambo la kuchezea. Dawa zenye asili ya maji ni salama zaidi. Fundi asiye na fedha ya dawa anaweza kukoroga chaki au chokaa kwenye maji, akapaka kando ya mshono kwa brashi, akaacha pakauke kabla ya kuanza. Matone yatatua juu ya chokaa na kung'oka kwa kukwangua. Asipake ndani ya maungio penyewe, na asitumie mafuta machafu ya injini kama wengine wanavyofanya, kwa sababu mafuta huzaa moshi, huharibu mshono na kukataa rangi.

Matone yakishaganda, mpangilio wa kuyaondoa una maana yake. Kwanza nyundo ya kupondea gamba, kisha patasi bapa iliyolazwa karibu na chuma na kugongwa kidogo, kisha brashi ya waya. Vipele vingi vitatoka hapo. Grenda ije mwisho, kwa vile vilivyogoma tu. Mafundi wengi hupindua mpangilio huu. Wanashika grenda kwanza, na hapo ndipo uharibifu mkubwa hutokea, kwa kuwa diski haijui kutofautisha kipele na mshono. Bomba la mraba la geti mara nyingi lina unene wa milimita 1.5 tu. Grenda ikipita mara tatu juu yake hupunguza chuma chenyewe. Na fundi anayetaka sura nyororo huendelea hadi kulaza mshono wote, akaziba mashimo kwa pate, akapaka rangi. Geti linapendeza kulitazama huku sehemu kubwa ya chuma kilichoshikilia maungio imegeuka vumbi sakafuni.

Grenda yenyewe ni chombo cha kuogopwa. Ndogo ya inchi 4.5 huzunguka karibu mara 11,000 kwa dakika. Diski yake imetengenezwa kuvumilia mizunguko hadi 13,300, lakini diski ya inchi 9 imeandikwa mwisho 6,600. Wapo wanaong'oa kikinga na kufunga diski kubwa kwenye grenda ndogo ili kuokoa fedha, na diski ya namna hiyo ikipasuka haizuiliki. Hata isipopasuka, vumbi la chuma linaloruka hulenga jicho, na miwani ya jua haizuii. Kila tone lililozuiwa lisirukie bomba ni sekunde kadhaa ambazo fundi hahitaji kusimama mbele ya diski hiyo.

Utetezi mmoja wa mafundi unastahili kusikilizwa kwa haki. Wanasema vipele havidhoofishi mshono, na hawajakosea. Kanuni hiyohiyo ya AWS D1.1 huruhusu matone yaliyoshika barabara kubaki baada ya usafi, isipokuwa pale yanapozuia ukaguzi kwa vyombo. Nguzo iliyo ndani ya ghala kavu inaweza kubaki na vipele vyake bila madhara makubwa. Geti la nyumba ya pwani, kama Kigamboni au Nyali, halina bahati hiyo. Rangi ikipakwa juu ya kipele hukimbia kileleni na kubaki nyembamba sana, na kuzunguka kitako chake huacha upenyo mdogo ambamo maji ya chumvi hujificha. Kutu huanzia hapo, kisha hutambaa chini ya rangi nzima. Kwa sababu hiyo kiwango cha kimataifa cha kuandaa chuma kwa ajili ya rangi, ISO 8501-3, kimepanga usafi wa matone katika ngazi tatu: ya kwanza hutaka yaliyolegea yaondolewe, ya pili yaondolewe pia yaliyoshika kidogo, na ya tatu yasibaki yoyote. Kwa geti la pwani, ngazi ya tatu ndiyo inayofaa, na mteja ana haki ya kuidai.

Hasara nyingine haionekani kwenye geti bali kando yake. Mwenye nyumba akimaliza vigae na vioo ndipo anamkumbuka fundi wa grili. Tone la chuma likitua kwenye kioo huyeyusha tundu dogo na kukaa humo, na likitua kwenye kigae hubakiza kovu jeusi ambalo sabuni hailiwezi. Hakuna dawa ya kuliondoa. Grili zifungwe kabla ya vioo na vigae, au sakafu na madirisha yafunikwe kwa turubai nzito isiyoshika moto, si kwa gazeti wala maboksi.

Moto ni habari nzito zaidi. Aprili 11, 1996, mafundi walikuwa wakichomelea kwenye barabara ya juu inayopita mbele ya jengo la abiria la uwanja wa ndege wa Düsseldorf, Ujerumani. Chuma cha moto kilipenya kwenye maungio ya barabara, kikaangukia nyenzo za kuzuia joto zilizokuwa juu ya dari. Moto ulikua huko juu bila kuonekana, ukashuka, na watu 17 wakafa. Kanuni za usalama kazini za Marekani hutaka kila kinachoshika moto kiondolewe umbali wa futi 35, karibu mita 11, na mtu abaki akilinda eneo angalau nusu saa baada ya mashine kuzimwa. Sasa mtu atazame karakana zetu, ambapo fundi wa vyuma hugawana ukuta wa mbao na seremala mwenye vumbi la msumeno, na upande wa pili kuna mshonaji wa makochi na marundo ya sponji. Halmashauri zinazokusanya ushuru wa maeneo hayo zinawajibika kuyapanga upya, na hakuna sababu ya kusubiri msiba.

Ujuzi wa kuepuka haya yote upo. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi nchini Tanzania, pamoja na kufundisha vyuoni, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia mtaani. Kenya ina majaribio ya ufundi ya mamlaka yake ya mafunzo ya viwandani, NITA, yanayompandisha fundi kutoka daraja la 3 hadi la 1. Kazi zinazodai ujuzi huo zimeshafika mlangoni: bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lina kipenyo cha inchi 24 na urefu wa kilomita 1,443, kati yake 1,147 zikiwa ardhi ya Tanzania. Katika kazi za mabomba ya namna hiyo jicho la mkaguzi hutangulia vyombo, na chombo cha kupima kwa mawimbi ya sauti hakiwezi kuteleza juu ya vipele. Fundi aliyezoea kuficha kazi yake kwa grenda na pate hana nafasi hapo. Aliyezoea kukausha vijiti na kusugua maungio ana pa kuanzia.

Lakini mafunzo pekee hayatabadili karakana ikiwa wateja wanaendelea kulipia rangi. Fundi hupatana bei ya kazi nzima, mteja humkandamiza kwa kila shilingi, na hatua ya kwanza kukatwa ni ile isiyoonekana. Anayeagiza geti wiki hii akubali kulipa nyongeza kidogo kwa ajili ya maandalizi, na aweke sharti moja katika mapatano: rangi isipakwe mpaka aje atazame. Afike mchana, apitishe kiganja kwenye kila mshono, aulize vijiti viliwekwa wapi. Akikuta vipele, avikatae kwa adabu, na fundi avitoe kwa patasi mbele yake.